Mapazia bila cherehani: nilivyoshona ya kwangu kwa mkono hapa Moshi

Kitu cha kwanza kabla hujagusa hata mkasi ni maji. Nasema hivi kwasababu watu wengi wakisikia kushona kwa mkono wanawaza sindano tu, kumbe pazia la pamba ambalo halijalowekwa utalishona vizuri kabisa, afu siku ya kwanza kulifua linarudi linakua fupi, na hapo hakuna dawa. Mimi hilo nililipata kwa mama mwenye nyumba wangu, yeye shule alisoma sayansi kimu enzi zao, nilipomsalimia nikamwambia mama nataka kushona mapazia mwenyewe akaniambia, "Mwanangu, usikate kabla hujakilowesha, kitambaa kirudi kwanza kikiwa chako mkononi." Basi nikaloweka usiku mzima kwenye beseni, nikaanika kivulini, nikapiga pasi kikiwa bado na unyevu kidogo. Ilikua mwezi wa sita na nyie wa Moshi mnajua mwezi wa sita mawingu yanavyokaa, mlima hauonekani na nguo haikauki, kwahiyo kama una haraka fanya hii kazi miezi ya jua.

Nakaa Pasua, chumba na sebule, na dirisha la chumbani linaangalia magharibi. Jua la saa tisa mpaka saa kumi na mbili linaingia lote. Dirisha lina upana wa mita 1.5 na kutoka kwenye bomba la kutundikia pazia kushuka mpaka karibu na sakafu ni sentimita 215. Sasa pazia halinunuliwi kwa upana wa dirisha jamani, linatakiwa liwe kama mara mbili ya dirisha ndo linakunjika na kukaa vizuri, likiwa sawa na dirisha linakua limetanuka kama shuka kwenye kamba. Kitambaa changu kilikua na upana wa mita 1.5, nikahesabu vipande viwili, kimoja kila upande. Urefu nikachukua 215, nikaongeza 8 za juu na 16 za chini, inakuja 239, nikanunua mita mbili na nusu kila kipande, jumla mita 5, zile sentimita 11 zinazobaki ni za kurudi kwenye maji.

Mafundi watakuuliza bitana, yaani kitambaa cha pili cha nyuma ya pazia, unaweka au huweki, mi nasema kwa dirisha la jua la jioni weka, kwasababu jua ndo linalokula rangi na kitambaa chenyewe, bitana inapokea jua badala ya pazia. Sikununua kitambaa kipya cha bitana. Nilienda mnadani Kiboriloni nikachagua mashuka meupe ya mitumba, yale ya pamba mazito, ukiyainua juu kwenye mwanga unaona kama yamechakaa katikati au bado mazima. Na uzuri wa shuka la mtumba ni kwamba limeshafuliwa sana kwahiyo halirudi tena. Bitana unaikata iwe fupi kuliko pazia kama sentimita 3 hivi ili isichungulie chini, na pindo lake la chini unalipinda peke yake, usiliunganishe na la pazia, viache vining'inie kila kimoja kivyake la sivyo pazia litakunjamana.

Kushona kwenyewe sasa. Uzi nilitumia wa poliesta maana wa pamba ukikaa juani unaoza mapema, na kila kipande cha uzi nilikua nakata urefu wa kama kuanzia kidoleni mpaka begani, ukizidisha unajifunga mafundo njia nzima. Nikachukua mshumaa nikawa naupitisha uzi kwenye nta mara moja, unakua hautatiziki, hii kitu ndogo aisee inasaidia mno. Kwanza unapiga bandi, yaani mishono mirefu mirefu ya kushikilia tu, unatumia uzi wa rangi tofauti ili baadae uuone na kuutoa. Pini peke yake hazitoshi kwa kitambaa kirefu hivyo kitateleza.

Pindo za pembeni nilikunja sentimita 2 na nusu mara mbili, nikashona kwa ule mshono wa kuiba, sindano inashika nyuzi moja au mbili tu za upande wa mbele kisha inaingia kwenye pindo. Upande wa mbele huoni kitu. Cherehani ya kawaida itakuachia mstari wa uzi kutoka juu mpaka chini, mkono hauachi, na hapa ndipo mimi naona pazia la mkono linalizidi la fundi, sio kwamba ni la kuvumilia tu. Lakini juu pale panapopita bomba usishone hivyo. Pale ndo panabeba uzito wote na ndo panavutwa asubuhi na jioni, kwahiyo unashona kwa kurudi nyuma, sindano inaenda mbele hatua moja inarudi nusu, inaenda inarudi, uzi mara mbili. Mfuko wa bomba mimi nilikunja 2 kisha 6, bomba langu ni jembamba la sentimita 2 na nusu na linapita bila kukwama.

Halafu hapa naomba tuelewane vizuri maana ndo penye siri. Pindo la chini usilishone ukiwa mezani. Tundika pazia kwanza likiwa na ncha mbichi, liache siku mbili tatu, kitambaa kinashuka kwa uzito wake, na sakafu zetu hizi za kupanga nyingine hazijanyooka, upande mmoja unakuta umepungua. Likishatulia ndo unapima kutoka sakafuni, unatia chaki, unalishusha, unakunja 8 mara mbili. Zile 8 mara mbili ni uzito, pazia linavutwa chini linanyooka, upepo ukiingia haliruki hovyo.

Ya sebuleni nimechagua shiya nyeupe, vile vitambaa vyepesi vinavyopitisha mwanga, zile zenye upana wa mita 2.8, na hizi unazilaza, yaani ule upana wa kitambaa ndo unakua urefu wa pazia, unanunua mita 3 tu kwa dirisha la mita 1.5 na huungi popote, ila iwe haina maua maana yatalala ubavu. Kinachobaki juu ya urefu nakata kamba za kufungia. Nyepesi sana ile kwenye sindano nyembamba, nashona jioni nikitoka kazini, pembeni moja imeisha.