Alama za maka peni

Nimerudi Ngamiani saa nne usiku, nguo bado zinanuka spiriti ya wodini. Usingizi hauji, bora niandike.

Kosa lilikuwa la Mama, ingawa na mimi nilikuwepo na sikumzuia. Mkesha wa operesheni aliomba beseni la maji ya moto, sabuni na dodoki, akamwogesha mdogo wangu kama mtoto wa siku saba. "Mtu haendi kulazwa mezani na taka," alisema. Jeraha lilifungwa bendeji, akalikwepa. Lakini shavu la mguu alilisugua hadi likang'aa, na zile alama za maka peni alizochora daktari jioni ile kuonyesha mshipa ulipo zikaenda na povu.

Nilipoziona haziko, tumbo lilinicheza.

Niseme ilivyoanza. Bodaboda ilimwangukia mdogo wangu njia ya Pangani, mfupa ukavunjika chini ya goti, na juu kidogo ya kifundo ngozi ikaisha kabisa. Mfupa ulipangwa na kufungwa vyuma. Ngozi ndiyo iliyokuwa mtihani. Ile nyembamba ya kuchunwa pajani haishiki juu ya mfupa uliovuliwa utando wake, kwa sababu pale chini hakuna damu ya kuilisha. Ilibidi kikatwe kipande cha shavu la mguu, ngozi na mafuta yake, kigeuzwe kushuka hadi kwenye jeraha huku kikining'inia kwenye mshipa wake.

Mama anashona viraka vya kanga tangu nizaliwe, akadhani ameshaelewa. "Kumbe kiraka tu."

"Shikamoo, mama," daktari alianza upya, maana siku ile walikuwa hawajasalimiana vizuri. "Kiraka hakili. Hii ngozi lazima ile."

Ndipo ikaja habari ya kumpiga siti skani ya mishipa. Mjomba aling'aka: picha za mfupa tumeshalipia, hii ya nini tena? Nami, kusema kweli, nilikuwa upande wake. Kwanza wakapima damu kuona figo, kwa kuwa dawa inayoingizwa mshipani ili damu ionekane ina madini ya joto na hutolewa na figo. Kisha mdogo wangu akaingia kwenye ile mashine ya duara. Alisema dawa ilipopita alihisi joto hadi akadhani amejikojolea.

Picha ilivyotoka, daktari alituita. Chini ya goti kuna mishipa mikubwa mitatu inayoshusha damu kwenye unyayo. Wake wa mbele ulikuwa umekatika pale pale mfupa ulipovunjika, kama mto uliokauka katikati ya ramani. Wa nyuma mzima. Wa nje, unaofuata ule mfupa mwembamba, mzima pia, na ndio aliokuwa akiutafuta, kwa sababu kipande kile kingekula kutoka kwake. "Huu ungekuwa umekufa, ningetafuta ngozi kwingine," alisema. Mjomba alinyamaza. Hela ile hakuizungumzia tena.

Sasa asubuhi ya operesheni daktari anafunua shuka, mguu mweupe pe, hauna hata nukta. Mama akajieleza mwenyewe kabla hajaulizwa. Nilitegemea ukali. Daktari alishusha pumzi, akaomba jeli na kile kidude chake cha kusikilizia, chembamba kama kalamu, chenye waya unaoingia kwenye kiredio kidogo. Akamlaza mdogo wangu ubavu, akapaka jeli, akaanza kutembeza juu ya kifundo cha nje, vidole vitatu hivi kwenda juu.

Mwanzoni mkwaruzo tu. Kisha: shwaa, shwaa, shwaa. Kama mtu anafagia uwanja wa mchanga kwa ufagio wa chelewa, fagio moja kila pigo la moyo. Akisogea kidogo, unasikia uvumi usiokatika, kama kusi dirishani. Huo ni mshipa wa kurudisha damu. Kalamu ile hupeleka mawimbi ambayo sikio halisikii, yakagonga damu inayokwenda, kisha yakarudi yamebadilika, na badiliko hilo ndilo tunalolisikia. Haisemi mshipa uko kina gani, ndiyo maana hakuiamini peke yake bila picha. Lakini tawi lenyewe, la unene wa milimita 1 hivi, linapotobokea kuja ngozini, hapo kalamu inapaonyesha.

Akaweka alama mpya. Mimi nilikuwa nimepiga picha zile za jana kwa simu, nikamwonyesha. Zilipishana karibu upana wa kidole. "Jana alilala chali," alisema. "Ngozi huteleza. Leo amelala atakavyolala kule ndani." Hakusema kwamba Mama amefanya vizuri, na Mama hakuuliza.

Leo ni siku ya nne. Mdogo wangu amekatazwa sigara, na mguu hauruhusiwi kuegemea upande ule wa kikonyo, yaani pale kipande kinaponing'inia kwenye mshipa wake, kwa hiyo analala kiubavu ameshikiliwa na mito, ananuna. Kila saa chache nesi anabonyeza kipande kwa kidole na kutazama damu inavyorudi. Ukingo mmoja umevimba na kuwa mweusi kidogo. Kwingine kote ni vuguvugu.

Jioni Mama alikuja na beseni. Akaliweka chini ya kitanda, akatazama mguu, kisha akamsubiri nesi.