Uchawi wa vurugu sasa una vurugu kweli

Jamani, nimeusuka upya uchawi wa vurugu, yaani uchawi unaoweza kulipuka ovyo, wa Dungeons & Dragons (mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika) na meza yetu imechangamka! Kwa kanuni za 2014, mchawi wa aina hii akitoa uchawi wake wa daraja la 1 au zaidi, mwendesha mchezo anaweza kumtaka mchezaji wake arushe dadu ya pande 20. Vurugu hulipuka ikitua 1 tu, yaani asilimia 5, na hapo jedwali huamua kitakachotokea. Mwendesha mchezo akisahau kumwambia arushe, ndiyo basi tena.

Sasa tunarusha kila mara. Isipolipuka, kizingiti (dadu ikitua hapo au chini yake, vurugu hulipuka) kinapanda: 1, halafu 2, halafu 3, mpaka ilipuke ndipo kirudi 1. Jana kilipofika 7 wote tulisimama kuitazama dadu! Jedwali la matokeo 50 sijaligusa, maana lenyewe ni tamu mno.