Siku moja kazini: nani katuma, nani anapokea?

Saa 1 asubuhi, Columbus, Ohio. Kampuni yetu ipo katikati: kliniki na hospitali hututumia madai ya matibabu, nasi tunayafikisha kwenye mashirika ya bima. Kabla ya chai nafungua majibu ya usiku. Faili moja la madai, 837, limerudishwa na TA1, yaani jibu la mfumo kuhusu bahasha, ile sehemu ya nje ya faili inayotaja mtumaji na mpokeaji. Msimbo wake ni 005: alama ya aina ya kitambulisho cha mtumaji si sahihi. Bahasha haikufunguliwa kabisa. Madai ya wagonjwa wote waliomo hayajasomwa.

Saa 2. Naisoma bahasha yenyewe, mstari wa kwanza wa faili, uitwao ISA. Una herufi 106, hauzidi wala haupungui. Kitambulisho cha mtumaji kina nafasi 15, cha mpokeaji vilevile. Kikiwa kifupi, nafasi zinazobaki huachwa wazi lakini zinahesabiwa. Kila kitambulisho hutanguliwa na alama mbili za kutaja aina yake: 30 ni namba ya mlipakodi, 01 ni DUNS, namba ya utambulisho wa biashara, 33 ni namba ya kampuni za bima (NAIC), ZZ ni kile mlichoafikiana wenyewe. Mkataba unasema ZZ. Kliniki imebadilisha programu, na hiyo mpya inaandika 30. Namba ni ileile, lakini kwa alama hizo mbili tu wamekuwa wageni mlangoni.

Saa 3 nawapigia. Wanarekebisha, wanatuma upya.

Saa 5. Namsajili mshirika mpya, na kijana aliyeanza kazi juzi, Mkenya mwenzangu, ananiuliza, "Dada, kwani bima hazina namba moja ya taifa kama madaktari?" Hazina. Watoa huduma wana NPI, namba yao ya taifa, tarakimu 10, na ya mwisho hukagua zilizotangulia. Namba ya bima, HPID, iliwekwa kikanuni mwaka 2012, ikafutwa 2019 kabla haijaingia kwenye miamala. Kwa hiyo bima moja huitwa hivi kwetu, vingine kwa jirani. Nawaelewa walioona mzigo wake ni mkubwa, ila mimi bado naitamani. Hadi hapo, orodha ya washirika lazima ilindwe, na hakuna kukisia: madai yakienda kwa bima isiyo yake, muda wa kuwasilisha unaweza kupita, na mgonjwa akaletewa bili isiyomhusu.

Saa 8 mchana, majaribio. ISA15, sehemu ya 15 ya mstari wa ISA, inasoma T, yaani jaribio. Tunatuma 270 kuuliza kama mgonjwa wa mfano ana bima, 271 inarudi. Namwonyesha kijana GS02 na GS03, sehemu za mtumaji na mpokeaji: bahasha ya ndani nayo ina majina yake, na si lazima yafanane na ya nje.

Saa 10. Faili la kliniki limepata 999, jibu la ukaguzi wa yaliyomo ndani ya bahasha: limekubaliwa. Mshirika mpya akithibitisha kwa maandishi, T itageuzwa P, yaani kazi halisi.