Zana isipoitambua lugha uliyoiomba

Leo nimeshinda nikisoma rekodi ya ujenzi wa programu, na karibu kila hatua imeanza na onyo lile lile: LC_CTYPE, kigeu kinachoieleza programu usimbaji wa herufi, ni "UTF-8", na mfumo hauijui thamani hiyo. Chanzo ni cha kawaida. Terminali ya macOS huweka thamani hiyo, na kwake ni halali; ukiingia kwenye seva ya Linux kwa SSH, mara nyingi inakufuata, na Linux haitambui "UTF-8" isiyotanguliwa na lugha, kama katika en_US.UTF-8 (Kiingereza cha Marekani).

Onyo halinisumbui sana. Linalonisumbua ni kwamba kila zana ina tabia yake. Perl hulalamika mistari kadhaa kisha ikaendelea na kazi. Python, ukiita setlocale (amri ya kuchagua mpangilio wa lugha), hutupa kosa, na usipolidaka programu inakufa hapo hapo. Programu nyingi za C hazisemi neno: setlocale hurudisha NULL, yaani imeshindwa, hakuna anayeitazama, kazi inasonga mbele katika mpangilio wa "C", ule wa msingi usiofuata lugha yoyote.

Ukimya huo ndio ninaouogopa. Jina la faili lenye é laweza kugeuka alama za kuuliza na ujenzi ukaripotiwa kuwa umefaulu. Hata utaratibu wa alfabeti hubadilika: "C" huweka Zana kabla ya asili, kwa kuwa herufi kubwa zote hutangulia, ilhali en_US hufanya kinyume. Skripti inayopanga faili kwa sort kabla ya kuziunganisha itatoa vitu viwili tofauti kwenye mashine mbili, msimbo ukiwa ule ule.

Basi zana isife, wala isinyamaze. Iseme mara moja tu, mwanzoni: kigeu gani, thamani gani, na imetumia nini badala yake. Kisha ishike C.UTF-8, yaani "C" yenye usimbaji wa UTF-8, ambayo glibc (maktaba ya C ya mifumo mingi ya Linux) inayo rasmi tangu toleo la 2.35 la mwaka 2022. Python 3.7 ilishaanza kuikimbilia inapokuta "C" tupu.

Lakini nikiwaza zaidi, hata mpangilio unaotambulika una hatari zake. Kwa tr_TR (Kituruki), msimbo wa Java unaoita toUpperCase, ya kugeuza herufi kuwa kubwa, bila Locale.ROOT (mpangilio usiofuata lugha) hugeuza "title" kuwa "TİTLE", yenye nukta juu ya I, na jina linalotafutwa halionekani. Hapo hakuna onyo, maana hakuna kilichokosewa! Ndiyo maana naona ujumbe ufuate lugha ya mtu, ila baiti za faili zinazozalishwa zisiguswe na lugha hiyo hata kidogo.

Skripti za configure, zinazoandaa ujenzi na kutengenezwa na zana ya Autoconf, hujiwekea zenyewe LC_ALL=C, kigeu kinachotawala vigeu vingine vyote vya LC_. Ni dawa kali: inazima pia LC_MESSAGES (lugha ya ujumbe), na aliyetaka makosa kwa Kifaransa anayapata kwa Kiingereza. Mimi ningeiondoa LC_ALL, nihamishie thamani aliyoiweka mtumiaji kwenye LC_MESSAGES, kisha nifunge LC_CTYPE, LC_COLLATE (utaratibu wa alfabeti) na LC_NUMERIC (uandishi wa namba) peke yake. Ni mistari mingi zaidi kwenye skripti, na najua kuna atakayeniuliza kwa nini.