Panya wangu walikuwa wanaona. Mimi ndiye nilikuwa nawatisha

Miezi minne ya mwanzo ya masomo yangu ya uzamivu Ujerumani ilipotea bure. Nilitaka kujua panya mdogo wa maabara anaona kiasi gani, na seli za ubongo wake zinafanya nini akiwa anaona.

Kupima macho ni rahisi kueleza. Panya hukaa juu ya kijukwaa katikati ya skrini nne, mistari myeusi na myeupe ikimzunguka. Akiiona, kichwa chake huifuata chenyewe, hafundishwi. Unazidi kuipunguza unene mpaka kichwa kitulie. Panya huishia takriban nusu jozi ya mistari (mweusi mmoja na mweupe mmoja) ndani ya digrii moja ya anachokiona. Sisi binadamu hufika jozi 30. Nilitumia panya weusi wa aina ya C57BL/6, kwa sababu weupe wenye macho mekundu huona vibaya, na wa aina ya C3H hupofuka wangali wachanga.

Lakini wangu waliruka chini au waliganda. Kwenye hadubini, seli iliyoitikia vizuri mstari wa wima leo, kesho ilififia. Nikaamini nimeharibu upasuaji wa kuweka kidirisha cha kioo fuvuni, cha kuonea ubongo, nikaurudia kwa panya wengine. Jambo hilo bado linaniuma, maana kila panya ni uhai.

Mama anayewatunza panya ndiye aliyeniuliza kwa nini nawainua kwa mkia. Ndivyo nilivyofundishwa! Kumbe tangu 2010 ilishachapishwa kwamba panya wa kuinuliwa kwa mkia huwa na hofu kuliko wa kubebwa kiganjani au ndani ya mrija. Nikatafuta mirija ya plastiki. Wiki mbili sikupima chochote, niliwabeba tu, wakanizoea mpaka wakawa wanaingia wenyewe.

Kosa la pili lilihusu gurudumu wanalokanyaga chini ya hadubini. Watafiti Niell na Stryker walionyesha, 2010 hiyohiyo, kwamba seli za sehemu ya ubongo inayoshughulikia kuona huitikia kwa nguvu zaidi panya akikimbia. Mimi nilikuwa nachanganya dakika za mbio na za kusimama. Nikafunga kifaa cha kupima mwendo, nikazitenganisha, na seli ya leo ikaanza kufanana na ya jana.

Panya wa kwanza niliyempima upya alikaa kijukwaani dakika kumi nzima, kichwa kikienda na mistari taratibu, kushoto, kisha kulia.