Mstari wa Pili

Binti yangu alikuwa na miaka 4, na ile ilikuwa homa yake ya pili ndani ya mwezi mmoja. Ya kwanza ilikuwa malaria. Alipimwa usiku kwenye zahanati ndogo isiyo na umeme: kidole kikachomwa, tone moja la damu, matone machache ya kimiminika, na baada ya dakika 15 mistari miwili ikajitokeza. Alimeza dawa mseto siku 3, akapona. Tangu hapo nilikiamini kipimo kile kwa moyo wote, na hata leo nakiheshimu. Pasipo hadubini wala mtu wa maabara, wengi wetu tungebaki kubahatisha.

Siku 17 baada ya dawa kuisha, nilimfikisha hospitali mwili ukiwaka moto. Kipimo kikatoa mistari miwili tena. "Si mmeona? Mpeni dawa!" nilimwambia muuguzi, nikikaribia kufoka.

Mtaalamu wa maabara, mwanamume wa makamo, akaniuliza taratibu, "Mama, dawa alimaliza lini?" Nilipomjibu, akapaka damu kwenye kioo, akaiacha ikauke, akaitia rangi, kisha akainamia hadubini. Nilimchukia kwa kila dakika aliyokaa pale.

Hakuona kimelea hata kimoja. Akanieleza kwamba kipimo cha haraka hakimwoni mdudu mwenyewe. Kile walichotumia kinanasa protini anayoiacha kwenye damu, iitwayo HRP2, nayo huweza kubaki wiki kadhaa baada ya vimelea kufa. Mstari wa pili ulikuwa mabaki ya malaria tuliyokwisha kuitibu. Tena kipimo hicho hakihesabu vimelea, na vikiwa vichache mno huweza kuvikosa kabisa.

Homa basi ilitoka wapi? Daktari alimfunua mtoto kifua, akatoa saa, akahesabu pumzi dakika nzima. Zilifika 52; kwa umri wake, 40 tu tayari ni nyingi. Kila alipovuta hewa, ngozi chini ya mbavu ilibonyea ndani. Nilikuwa nimembeba jioni nzima na sikuliona hilo. Macho yangu yote yalikuwa kwenye ile mistari.

Ilikuwa nimonia. Akaanzishiwa antibiotiki usiku uleule.

Kadi yake ninayo mpaka leo. Mtaalamu yule aliandika kwa wino wa bluu: kipimo cha haraka chanya; hadubini hasi. Chini yake akaweka tarehe ya kumaliza dawa, akaipigia mstari mara mbili.