Siku sindano ilipokataa uzi

Mimi ni fundi cherehani hapa Kadutu, Bukavu. Nilipogundulika nina kisukari cha aina ya pili, kipimo cha sukari cha asubuhi kabla ya kula kilisoma 264 (mg/dL). Nikaandikiwa metformin, dawa ya kushusha sukari, ya miligramu 500, asubuhi na jioni. Wiki mbili nzima tumbo liliniendesha mbio, wateja wakinikuta sipo. Kumbe nilikuwa naimeza na chai tupu. Muuguzi akacheka: "Papa, meza katikati ya bugali, si mbele yake." Siku chache tu, tumbo likatulia.

Miezi mitatu baadaye nikapimwa HbA1c, ile inayoonyesha wastani wa sukari kwa muda kama huo. Ilikuwa asilimia 8.4. Daktari akaongeza dawa nyingine ya sukari, glibenklamidi, miligramu 5 asubuhi, na hapo ndipo nilipoharibu. Mashine ya kupimia sukari ikasoma 110, kesho 95, kesho kutwa 84, nami nafurahi kama mtu anayeona deni lake linaisha. Nilidhani inavyozidi kushuka ndivyo ninavyozidi kupona.

Jumamosi moja nilikuwa na suti za harusi. Nikameza vidonge vyote viwili, nikapanda mlima kwenda kazini bila kutia kitu kinywani. Kwenye saa nne uzi ukakataa kuingia kwenye tundu la sindano. Naulamba, naunyoosha, unapita pembeni. Shati limelowa, na asubuhi yenyewe ya baridi. "Papa, uko natetemeka!" akasema kijana ninayemfundisha kazi. Mashine: 52. Akakimbia kwa mama wa chai, akaniletea maji yenye vijiko vitatu vya sukari. Baada ya dakika 15 nikasoma 88. Koti la bwana harusi lilibaki na jasho langu kwenye kola.

Daktari hakunigombeza. Alinieleza kuwa glibenklamidi hulisukuma kongosho litoe insulini, uwe umekula au hujala. Metformin peke yake ni nadra kushusha sukari hadi imwangushe mtu. Akapunguza glibenklamidi hadi miligramu 2.5, akaniandikia kwenye daftari: kabla ya kula 80 hadi 130, saa mbili baada ya kula chini ya 180, HbA1c chini ya 7. Chini ya 70 ni hatari. "Hizi ni zako," akasema. "Mzee wa miaka 80 anayeishi peke yake nisingempa hizi."

Vijiti vya kupimia ni ghali, kwa hiyo napima kwa zamu: leo asubuhi, kesho baada ya chakula cha jioni. Ndivyo nilivyoukamata bugali wa muhogo: 231! Nikapunguza tonge likawa kama ngumi yangu, sombe (majani ya muhogo) na sambaza (samaki wadogo wa ziwani) vikajaza sahani: 168. Mke wangu alinuna, eti wageni watasema hanilishi.

HbA1c ya mwisho ilikuwa 7.1, daktari akaiacha hivyo. Kwenye droo ya sindano naweka kifuko cha sukari, ingawa yule kijana hukichota kwa chai yake akidhani sioni.